Stuli Kando ya Sinki

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena Bosi katulisha chungwa.

Kila siku saa ya chai hulimenya palepale kwenye benchi, kucha zimejaa jasi, kisha anatuzungukia mmoja mmoja na vipande. Fungua mdomo, mwanangu. Nasi tunafungua. Watu wazima, tuna vyeti ukutani! Anatazama meno kwanza, ndipo anatia kipande. Kina ladha ya chaki. Leo kanishika kidevu, akaniambia gego langu la juu linataka kuangaliwa. Nikasema asante Bosi. Nilikwenda chooni nikasukutua mpaka ufizi ukauma.

Mtu huyu hatazami macho ya mtu. Muda wote niliokaa kwake, akizungumza nami anazungumza na meno yangu.

Kazi yenyewe naipenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Daktari anatuletea kipimo cha mdomo wa mgonjwa, namimina jasi, napata taya tupu la mtu nisiyemjua. Halafu nalipandia meno kwenye nta, moja moja, mpaka taya linakuwa mtu. Hakuna anayeniambia mtu huyo alikuwa akicheka vipi. Nabuni. Baadaye kuna bibi mahali fulani anatafuna kwa kitu nilichokifikiria mimi. Ningeifanya kazi hii hata jangwani. Ila si humu. Humu kila kitu kinanuka: nta iliyoungua, plastiki ya waridi inayopikwa, na lile neno "familia".

Leo kalisema tena. Sisi hapa si wafanyakazi, sisi ni familia. Alikuwa anamwagiza Mgeni akamwage ndoo ya maji machafu.

Jumatano, 5 Machi

Niandike habari ya Mgeni, labda itanitoka kifuani.

Si mgeni wa lolote. Yuko humu tangu kabla yangu, na ndiye aliyenifundisha kushika kisu cha nta. Wakati huo tukimwita Fundi. Siku moja, nilikuwepo, alimfuata Bosi akamwambia kwa heshima zake zote: Bosi, nimeanza kutafuta kazi kwingine, nimeona nikwambie mapema usije ukashtuka. Kwa sababu ndivyo Bosi anavyotuhubiria. Mimi sipendi kushtukizwa, wanangu. Anayetaka kuondoka aniambie mapema, nitampa baraka zangu.

Bosi akamkumbatia. Akalia. Yale machozi nayaona mpaka leo, yalivyochimba mifereji kwenye vumbi la jasi mashavuni. Kesho yake asubuhi stuli ya Fundi ilikuwa imehamishwa, iko kando ya sinki, pale tunapooshea vipimo vilivyotoka midomoni mwa watu, na mate yao, na damu yao, na walichokula asubuhi. Si unaondoka? Sasa nikupe kazi ya nta uje uniachie katikati? Hivyo ndivyo Bosi alivyomwuliza. Halafu akapaza sauti: karibu mgeni! Kipaza, yule wa mashine ya kung'arishia, akacheka. Tukacheka wote. Na mimi.

Kazi aliyokuwa akiitafuta haikupatikana. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeipanga. Yuko palepale kando ya sinki, na vidole vyake, vile vidole vilivyokuwa vikipanga meno kama mtu anayelaza watoto, vimefanya utando mweupe kwa maji. Kila asubuhi Bosi anamwuliza: Mgeni, bado upo? Wajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Na anampa brashi ya kusugulia. Mzaha uleule, na kila asubuhi tunaucheka, kama watu wanaolipa kiingilio. Naye anajibu: nipo Bosi, bado sijapakuliwa chakula.

Naona kinyaa. Si kwa Bosi peke yake. Kinyaa kwa kicheko changu mwenyewe, ambacho hutoka kabla sijakiruhusu.

Jumamosi, 8 Machi

Chuo cha meno kimenijibu! Nimo miongoni mwa watakaopimwa. Kazi ni kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kupanga meno kwenye nta. Chumba chenyewe nilikiona siku niliyopeleka maombi: madirisha pande mbili, na kila mwanafunzi ana taa yake.

Dada kaja mchana. Nikamwambia jikoni, Mama akiwa anachambua mchele. Dada yuko ofisi ya utumishi kwenye kampuni kubwa, kazi yake ni kuajiri na kufukuza, kwa hiyo maneno yake hutoka kama yamepigwa muhuri. Mimi nilikuwa na swali moja tu: nimwambie Bosi lini?

"Ukishasaini," kasema. "Si ukishaitwa. Si ukishaahidiwa. Ukishasaini, na wino umekauka."

Nikamwambia huo ni wizi, kumtazama mtu kila siku usoni huku unamficha jambo.

"Wizi wa nini? Umemwibia nini? Wewe mwenyewe?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao.

"Mama, mbachao wenyewe una kunguni."

"Kunguni anaowajua," kasema Mama.

Nimecheka sana, lakini kicheko kimenibakia tumboni kama kitu kibichi. Kwa sababu wote wawili wanazungumza kama kwamba swali ni la werevu. Kwangu si la werevu. Nikimwambia mapema nitakaa kando ya sinki. Nikinyamaza nitakuwa mtu anayefungua mdomo kila siku saa ya chai na kupokea chungwa la mtu anayemdanganya. Katikati hapo hakuna stuli.

Fomu ya maombi ilikuwa na nafasi ya jina la mwajiri wa sasa. Nilifuata ushauri wa Dada: nikaandika "karakana binafsi", na chini yake "naomba asiulizwe kwa sasa". Leo kanisifu. Mwenye kiherehere ndiye anayejaza kila nafasi, kasema.

Sasa chuo kinataka sampuli. Seti kamili, juu na chini, kwenye nta, bila jina. Ofisi itaipa namba ili anayepima asijue ni ya nani. Nimelipenda hilo. Kwa mara ya kwanza meno yangu yatatazamwa bila mimi kushikwa kidevu.

Jumatatu, 10 Machi

Nilitaka kumwambia. Kweli kabisa. Usiku kucha niliyapanga maneno, na asubuhi nikayabeba kama sahani iliyojaa mchuzi. Saa ya chai akasimama mbele yangu. Nikasema Bosi, nina jambo. Nikafungua mdomo.

Akatia chungwa.

Alhamisi, 13 Machi

Sampuli nimeipeleka leo asubuhi.

Nimeitengeneza nyumbani kwenye meza ya chakula, kwa taa ya spiriti. Mama kakereka. Nyumba nzima inanuka mshumaa, na kila akipita anakuta taya. Jana kalifunika kitambaa. Linanicheka, kasema.

Nilikuwa mwangalifu. Kila karakana ina jasi ya rangi yake, yetu ni ya kijani, kwa hiyo nilinunua nyeupe ya dukani. Nta nayo si ya kazini. Hakuna alama yoyote. Na kazi imetoka — siogopi kuandika, hasomi mtu — imetoka nzuri. Fizi zina vinundu vyake vidogo, kama ganda la chungwa (hata hapa limenifuata). Na lile jino la pili kushoto nimeliegemeza kidogo kwa mwenzake. Siwezi kupanga meno ya mbele yakasimama kama askari, hakuna mdomo wa mtu ulio hivyo. Mgeni ndiye aliyenifundisha, enzi za Ufundi wake: tafuta mdomo unaoupenda, uibe kosa lake. Yeye aliiba la marehemu mkewe, chonge iliyojitokeza. Mimi niliiba la Mama. Jino la Mama limeegemea mwenzake kama mtu anayenong'ona.

Ili nipate ruhusa ya asubuhi nilimwambia Bosi kwamba Mama ana presha. Uongo wa bei rahisi kabisa. Nilipofika kazini akanifuata mpaka kwenye benchi. Mama anaendeleaje? Kapimwa? Asile chumvi. Kila akipita, Mama vipi. Jioni kanipa mfuko wa machungwa nimpelekee mgonjwa.

Mama anayala sasa hivi. Matamu haya, kasema. Huyo mtu mbona anaonekana mwema?

Ndiyo. Ni mwema. Hapo ndipo penye kichefuchefu. Angekuwa mwovu tu ningeshaondoka.

Jumatatu, 17 Machi

Siwezi kukaa kitako. Niandike kwa mpangilio.

Saa ya chai Bosi hakumenya chungwa. Alikuja na kisanduku, akakiweka kwenye benchi la kati, akajikohoza. Wanangu, chuo cha meno kimemteua baba yenu kuwa mpimaji wa nje. Wana nafasi ya kufundisha, wanataka jicho la mtu anayeijua kazi. Akafunua.

Seti zetu sisi waombaji. Zimepangwa kwenye pamba, kila moja na kikaratasi chenye namba. Yangu ni namba nne.

Nilishika ukingo wa benchi. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa la woga, lilikuwa la hesabu: kama ningeandika jina lake kwenye ile fomu, wasingemletea. Wangeona mwombaji ni wa kwake, wakatafuta mpimaji mwingine. Nilimficha, na ndiyo maana nimeletwa mpaka mkononi mwake, juu ya pamba.

"Njooni familia, tujifunze kwa makosa ya wenzetu," kasema Bosi.

Namba moja kaiita vifunguo vya kinanda. Namba mbili, huyu kapima mdomo wa farasi. Kipaza anacheka kabla neno halijaisha. Namba tatu aliigeuza tu akairudisha, bila neno, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno. Halafu akaichukua namba nne.

Akaenda nayo dirishani. Akapitisha kidole gumba juu ya meno ya mbele, polepole, akafika kwenye lile la pili kushoto, kidole kikasimama.

"Mkono huu naujua," kasema.

Kipaza aliuliza ni wa nani. Bosi hakumjibu. Alikuwa amegeukia sinki.

"Mgeni. Hii si yako?"

Mgeni alifunga bomba. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole, akaja. Akaiangalia kwa muda mrefu. Hakunitazama hata kidogo, na kwa jinsi alivyokuwa hanitazami nikajua kwamba anajua.

"Yangu, Bosi," kasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, nafasi ndefu, pana, ningeweza kupita na mkokoteni. Sikusema. Bosi akacheka kidogo, akamgonga bega. Kumbe Mgeni unafunga mizigo! Kisha akafunika kisanduku. Maoni yake atayaandika mwishoni mwa wiki, kasema, hataki kuwa na haraka.

Nimekuja nyumbani nikapiga mswaki. Sijui kwa nini, sijala kitu.

Jumanne, 18 Machi

Leo niliwahi. Mgeni ndiye mwenye funguo, huwa anafungua kabla ya wote. Nikamkuta anajaza ndoo.

Nikamwuliza: Kaka, kwa nini?

Akasema, "Mgeni hakaribishwi mara mbili, mdogo wangu. Mimi wataniongezea nini?"

Nikasema lakini wewe hata hukuomba ile kazi.

"Sikuomba. Nimechoka kuulizwa kama bado nipo."

Nikamwambia Bosi atakuharibia. Akaanza kucheka, akasugua kipimo cha mtu, kipande cha nyama kikadondoka kwenye sinki, akakisukumia shimoni kwa kidole huku anaendelea kuzungumza. Kasema: wewe hujui biashara. Mtu akitaka kumuuza punda, humsifu au humkashifu? Mimi Bosi amenichoka, lakini hawezi kunifukuza, atakuwa ameiharibu familia yake mwenyewe. Akidhani namba nne ni yangu ataipamba mpaka ing'ae, nipate niondoke. Akijua ni yako ataitia kasoro. Wewe anakuhitaji. Nta yote ya humu nani anaifanya?

Sikuwa nimewaza hivyo. Nimetembea nalo siku nzima, na kadiri ninavyolitazama ndivyo linavyonuka. Nikipata, nitakuwa nimepata kwa sababu Bosi kamchoka mtu mwingine. Nikikosa, nitakuwa nimekosa kwa sababu ananipenda. Na meno? Yale meno niliyoyapanga usiku kucha, kuna mtu atayaangalia meno?

Nikamwuliza pia kama anadhani Bosi kaamini.

"Mwenye macho haambiwi tazama," kasema. "Lakini Bosi hana macho. Ana meno tu."

Tukacheka wawili. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kwanza ndani ya jengo lile. Halafu mlango ukafunguliwa, Bosi akaingia na ule mzaha wake wa jembe, na nikasikia kicheko changu kinaendelea bila kukatika, kutoka kile kizuri kuingia kile kingine, kama maji ya bomba moja.

Jumatano, 19 Machi

Bosi kaanza na Mgeni kwa chungwa. Kipande cha kwanza, kikubwa. Mwalimu mtarajiwa, fungua mdomo! Kipaza anazunguka anasema ndiyo maana Mgeni alikuwa kimya siku hizi, kumbe kobe anainama ili atunge sheria. Kila mtu ana maoni. Mgeni anaosha, anatabasamu. Hata nyuma ya shingo yake inatabasamu.

Mchana Bosi kaniita ofisini kwake. Kisanduku kiko mezani, kimefungwa kamba. Akaniambia nikae. Akaniuliza Mama. Nikasema hajambo. Halafu:

"Umeona mwenzako alivyonifanyia? Kimyakimya. Nimemlisha kwa mkono huu."

Nikasema nimeona, Bosi.

"Wewe hungenifanyia hivyo."

Maneno hayo hayakuwa na alama ya kuuliza. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Nilihisi kila jino mahali pake, kama vile lingetoka na kusema lenyewe.

"Wewe ungeniambia," kasema. "Mapema. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Bosi."

Akafurahi. Akafungua droo akanipa peremende.

Bado iko mfukoni. Imeyeyuka ikagandamana na kitambaa, nikiingiza mkono inanishika.

Alhamisi, 20 Machi

Dada kwenye simu: kaa kimya, umepewa ngao, sasa unataka kuirudisha? Mtu kajitolea mwenyewe. Watu wanalipia bahati kama hiyo. Nikamwambia siwezi kula. Kasema hiyo ni gesi.

Mama nilikuwa sijamweleza. Nimemweleza leo, wakati anasuka nywele zangu, kwa hiyo hakuniona uso nami sikumwona wake. Nilieleza yote, fomu, kisanduku, Mgeni, punda. Vidole vyake vikawa vinaendelea. Nilipomaliza vikasimama.

"Lile jino," kasema. "Ndilo langu hili?"

Nikasema ndiyo.

"Na huko mnasema ni la nani?"

Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza kiatu chake kimewekwa wapi. Halafu akanivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaendelea kusuka.

Nimekaa nikaliwaza jambo moja. Siku zote nilikuwa najiuliza nimwambie Bosi lini. Mapema, baadaye, nikishasaini. Kana kwamba ni suala la kalenda. Na siku zote kulikuwa na mtu kando ya sinki ambaye alilijibu, kwa ukweli kabisa, mbele yetu wote, na tukamcheka. Sasa tena analijibia swali langu. Na mimi bado nakagua saa.

Kesho Bosi anaandika maoni yake. Nitamwahi kabla hajaketi. Nitasema namba nne ni yangu. Nitasema nimefunga mdomo, sitaki chungwa, asante. Nitapiga simu chuoni niwaambie aliyenipima ndiye mwajiri wangu na mimi ndiye niliyewaficha. Labda watanifuta. Basi wanifute. Angalau litakuwa jino la Mama lililofutwa, kwa jina lake.

Nimeandika hivyo, na sijafuta neno. Nashangaa.

Ijumaa, 21 Machi

Niko kazini. Naandika hapahapa, nimesimama, daftari juu ya mashine ya Kipaza.

Nimefika jua halijapanda. Mlango ulikuwa wazi, Mgeni keshafungua, nikamsikia uani nyuma anajaza maji. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi, nikitumaini yupo. Hayupo. Kisanduku hakipo pia. Kamba tu imebaki mezani, imekatwa. Kumbe hakungoja mwishoni mwa wiki. Amekipeleka jana jioni, baada ya sisi kuondoka, pamoja na chochote alichokiandika.

Nikarudi niweke mkoba kwenye benchi langu.

Benchi langu ni safi. Limefutwa. Kisu changu cha nta hakipo, taa yangu ya spiriti haipo. Na stuli iliyo mbele yake si yangu. Ni ile ya Mgeni, yenye mguu mmoja uliovimba kwa maji.

Yangu iko kando ya sinki. Ina ule mto niliotengenezewa na Mama. Brashi imewekwa juu ya mto, katikati kabisa, kwa unadhifu.

Kwa hiyo alijua. Tangu dirishani, kidole kilipolala juu ya lile jino, alijua. Alimwita Mgeni ili anione mimi nitafanya nini. Na juzi ofisini hakuwa anauliza, alikuwa ananipa nafasi, nami nikapokea peremende.

Alichokiandika sikijui. Labda kanisifu nipate niondoke. Labda kanitia kasoro ili nibaki hapa, kando ya sinki, miaka. Chuoni watakapofungua nitampigia nani simu, nitaanzia wapi? Nitasema yaleyale. Jana niliyaandika, bado yapo. Ila sasa hayatanipeleka popote kwa hiari yangu. Yamewahiwa.

Mgeni kaingia na ndoo. Kaona. Kaangalia stuli yake pale kwenye nta, kaangalia kisu changu — kimelazwa ukingoni mwa benchi, upande wa stuli yake, sikuwa nimekiona — kaangalia stuli yangu. Ndoo hajaiweka chini. Nimemwambia, "Kaka, kaa, ni mahali pako." Hajakaa. Lakini vidole vya mkono ule mwingine vimeshagusa kile kisu, kidogo tu, kwenye mpini, na sidhani kama anajua kwamba vimegusa.

Simlaumu. Vidole hivyo vimengoja sana.

Bosi yuko ngazini. Namsikia, na Kipaza pamoja naye, wanasalimiana kwa sauti ya watu walioamka vizuri. Harufu ya chungwa imetangulia. Anamenya huku anapanda.

Akifungua mlango atayasema yale maneno mawili, karibu mgeni. Kipaza atacheka, hilo halina mjadala. Sijali tena la Bosi wala la Kipaza. Namtazama Mgeni, amesimama baina ya stuli mbili na ndoo mkononi, na nasikiliza kwa masikio yote niliyo nayo, nijue kama na yeye atache—